Jiwe la Ivuna na mtu aliyeona viumbe ndani yake

Tulipokuwa wadogo kule kwetu Nkowe tulikuwa na jiwe la kuandikia. La kijivu, laini, linateleza kidoleni kama limepakwa mafuta, na ukilikwaruza ukutani linaacha mstari mweusi kuliko penseli. Bibi alikuwa anatugombeza kwa sababu ya kuta, siyo kwa sababu ya jiwe. Hakuna aliyetuambia kwamba linaitwa kinywe, wala kwamba siku moja kampuni zingekuja Ruangwa na mitambo kulitafuta kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kwetu ilikuwa chaki ya bure.

Naanza na kinywe kwa sababu hadithi ya leo ni ya kaboni, na swali lake nilikutana nalo mara ya kwanza kupitia jiwe hilo. Nikiwa mwaka wa kwanza wa jiolojia, mwalimu alituambia kwamba kinywe cha ukanda wetu, ule mkanda wa miamba iliyopikwa chini ya ardhi kuanzia Msumbiji kupanda hadi Kenya, kwa maoni ya wanajiolojia wengi ni mabaki ya vitu vilivyokuwa hai. Matope ya bahari ya zamani sana, yenye vijidudu na mwani ndani yake, yalifukiwa, yakakandamizwa, yakapata joto kali mpaka karibu kila kitu kikaondoka, ikabaki kaboni. Nikanyoosha mkono. Wanajuaje?

Jibu lenyewe ni zuri. Kaboni ipo ya uzito tofauti, nyepesi na nzito kidogo, yaani kaboni-12 na kaboni-13. Viumbe hai ni wavivu: wakijenga miili yao wanaokota zaidi ile nyepesi. Kwa hiyo mabaki yao, hata yakipikwa vipi, huwa na kaboni nyepesi kuliko ile ya miamba ya chokaa. Mwaka 1999 mwanajiolojia Minik Rosing alitumia hoja hiyo kwa punje za kinywe kutoka Greenland zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3.7, akasema hizi ni alama za uhai. Wapo waliokubali, wapo wanaobisha mpaka leo.

Sasa ndugu msomaji, kama jiwe la hapahapa duniani, ambako tunajua uhai upo, linatutoa jasho namna hiyo, itakuwaje kwa jiwe lililotoka nje ya dunia? Ukikuta kaboni humo, na maumbo madogo ya duara, utasema nini?

Kuna mtu alisema. Na jiwe mojawapo alilolitumia kusema lilidondoka kwetu.

Ilikuwa jioni ya tarehe 16 Desemba 1938, karibu na Ivuna, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Siku hizi ni Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, upande wa pili kabisa wa kusini ya nchi ukilinganisha na kwetu Nkowe. Ivuna ilikuwa inajulikana kwa kitu kingine: chumvi. Kuna chemchemi za maji ya chumvi pale, na watu wameyachemsha kwa karne nyingi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen waliwahi kuchimba na kuandika juu ya kazi hiyo. Ikumbuke chumvi hiyo, tutairudia.

Jiwe lililookotwa lilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Haifiki robo tatu ya kilo. Katika mkoa huohuo wa Songwe kuna kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 16, na wengi mmeshapiga nacho picha. Cha Ivuna ungekitia kwenye mfuko wa koti. Lakini muulize mtu yeyote anayesoma vimondo, popote duniani, atakwambia ukimpa nafasi ya kuchagua kimoja atachukua hicho kidogo.

Sababu ni kwamba Mbozi ni chuma kilichoyeyuka. Kiliwahi kuwa uji wa moto ndani ya gimba fulani, na uji ukifuta ubao hausomi tena kilichoandikwa. Jiwe la Ivuna halikuyeyuka kamwe. Ni jeusi, jepesi, linamong'onyoka kama donge la udongo mkavu, na kwa kweli sehemu kubwa yake ni madini ya udongo mfinyanzi yenye maji yaliyofungwa ndani yake. Lina kaboni. Na ukipima madini yake yote, ukaacha gesi kama haidrojeni na heliamu, uwiano wake unakaribiana sana na ule wa Jua lenyewe. Yaani ni masalia ya vumbi lililotengeneza mfumo wetu wote, na vumbi hilo bado halijapikwa.

Mawe ya aina hii yaliyoonwa yakidondoka ni matano tu: Alais huko Ufaransa mwaka 1806, Orgueil pia Ufaransa mwaka 1864, Tonk India mwaka 1911, Ivuna mwaka 1938, na Revelstoke Kanada mwaka 1965. Hayapendi maji hata kidogo. Ukitumbukiza kipande cha Orgueil kwenye maji kinasambaratika. Kwa hiyo fikiria bahati tuliyopata: limedondoka mwezi wa mvua, likaokotwa kabla halijageuka tope la kawaida la Rukwa.

Haya, sasa tumlete mtu wetu.

Bartholomew Nagy alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1927, akahamia Marekani, akawa mtaalamu wa kemia ya mafuta ya petroli. Mwaka 1961 alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Fordham, New York. Kazi ya watu wa kemia ya petroli ni kuangalia tone la mafuta na kusema limetokana na nini, maana mabaki ya viumbe huacha mpangilio fulani wa haidrokaboni. Nagy akajiuliza, kwa nini tusifanye hivyohivyo kwa kimondo? Yeye na wenzake wawili, Douglas Hennessy na Warren Meinschein (huyu wa pili alikuwa mtafiti katika kampuni ya Esso), wakachukua kipande cha Orgueil, wakakipasha moto, wakapitisha mvuke wake kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Machi 1961 wakatangaza mbele ya New York Academy of Sciences kwamba haidrokaboni walizoziona zinafanana na zile zinazotengenezwa na viumbe hai.

Mwezi mmoja baadaye Gagarin akazunguka dunia. Ndiyo hali ya hewa ya wakati ule. Kila mtu alikuwa anatazama juu.

Nagy hakuishia hapo. Alishirikiana na Mhungari mwenzake, George Claus, mtaalamu wa vijidudu, wakaweka unga wa vimondo chini ya hadubini. Safari hii waliongeza jiwe la Ivuna. Wakaona vitu vidogo vya duara, vingine vina kuta mbili, vingine vina miiba, kimoja cha ajabu chenye pembe sita na vishikizo vitatu. Wakavipanga katika aina tano. Hawakuviita viumbe, waliviita vitu vilivyopangika. Lakini waliandika kwamba vinafanana na visukuku vya mwani, na kila aliyesoma alielewa wanachotaka kusema. Makala ilitoka kwenye jarida la Nature tarehe 18 Novemba 1961. Hesabu mwenyewe: wiki tatu kamili kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Wakati Dar es Salaam wanajiandaa kwa uhuru, jina la kijiji cha Rukwa lilikuwa kwenye jarida kubwa la sayansi duniani kama mahali palipodondoka pengine mabaki ya viumbe wa kwingineko.

Hoja yao nataka uipe uzito wake, kwa sababu ni rahisi kumcheka mtu baada ya miaka 60. Walisema hivi: Orgueil imedondoka kwenye mashamba ya Ufaransa, Ivuna imedondoka Afrika miaka 74 baadaye. Hali ya hewa tofauti, udongo tofauti, vijidudu tofauti. Kama tulichokiona ni uchafu wa duniani, kwa nini kinafanana kwenye mawe yote mawili? Na kwa nini hatukioni kwenye vimondo vya aina ya kawaida tulivyovipima kwa kulinganisha? Mimi nilipoisoma mara ya kwanza, nakiri, niliikubali. Nilizunguka na hoja hiyo kichwani siku mbili nikitafuta tundu.

Tundu lipo, tena mawili. La kwanza, mawe haya yalidondoka mbali lakini hayakubaki mbali. Yote mawili yalipita kwenye mikono ya watu, kabati za makumbusho, karatasi, pamba, halafu meza moja ya maabara mjini New York. La pili ndilo kubwa zaidi: Ivuna na Orgueil ni mapacha. Ni mwamba wa aina moja. Kama ndani ya mwamba huo kuna madini yanayopenda kujikunja kuwa vidude vya duara, basi utavikuta kote kuwili, na hutavikuta kwenye vimondo vya aina nyingine. Kufanana kule walikokuona kama ushahidi wa uhai kulikuwa pia ushahidi wa jiolojia ya kawaida.

Aliyelisimamia hilo alikuwa Edward Anders wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na daktari wa magonjwa Frank Fitch. Walipitia vidude vile kimoja kimoja. Vingi vilikuwa punje za madini, ikiwemo sumaku ya asili, ambayo kwenye mawe haya hujitengeneza katika mipira midogo iliyoshikana kama kishada cha zabibu. Na kile kidude cha ajabu chenye pembe sita? Fitch na Anders walionyesha kwamba chavua ya gugu moja la Marekani, lile linalowapa watu mafua ya mzio kila mwaka, ukiitia rangi kali inayotumika maabara inavimba na kuharibika mpaka inafanana nacho. Chavua ya mtaani, ikapanda hadi Nature.

Halafu likaja jambo ambalo ningekuwa ninaandika riwaya nisingethubutu kuliweka. Mwaka 1964 Anders na wenzake walifungua kipande cha Orgueil kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye chombo cha kioo huko Montauban, Ufaransa, tangu mwaka kilipodondoka. Ndani yake wakakuta mbegu za mmea wa majimaji unaofanana na matete. Mbegu! Pia makaa ya mawe. Na gundi. Mtu fulani, miaka mia moja kabla, alilowanisha kipande cha kimondo, akakikanda na mbegu na makaa, akakipaka gundi kwa nje ili kionekane kina ganda la kuungua kama vimondo vyote. Anders alikumbusha kwamba Aprili 1864, wiki chache tu kabla Orgueil haijadondoka, Pasteur alikuwa ametoa mhadhara mkubwa Paris akipinga wazo kwamba uhai unaweza kuzuka wenyewe. Huenda mtani alitaka kumtega mtu. Kama ndivyo, alikufa bila kucheka, maana hakuna aliyekifungua kile kioo kwa karne nzima.

Hapo, kama mchezo wa mpira, ungesema kipyenga kimelia. Mimi siamini hivyo, na nitakwambia kwa nini baada ya kukupa aibu yangu mwenyewe.

Wakati wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilikuwa natafuta mafuta ya kale kwenye sampuli za mawe ya matope. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, chembe kwa mabilioni. Siku moja mashine ikanichorea kilele kizuri ajabu, kirefu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuripoti kitu. Nililala saa nane usiku nikiandika kichwa cha makala. Asubuhi msimamizi wangu akanitazama mikono, akaniuliza, "Mdogo wangu, leo umejipaka nini?" Ilikuwa baridi, nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando kama kawaida. Tukapima yale mafuta. Kilele kilekile. Wiki mbili za kazi zikaenda na maji, na mpaka leo nikiingia maabara nanawa kama daktari wa upasuaji.

Ndiyo maana nikisoma kuhusu Nagy sioni mjinga. Naona mtu aliyefika kwenye chumba chenye giza na taa dogo, wa kwanza, na kitu cha kwanza alichokiona ukutani kilikuwa kivuli chake. Wengine wangefika wangekiona hichohicho. Kwa kweli wangapi wetu tungepeleka Nature?

Na hakukimbia. Wengi walidhani angekimbia. Apollo 11 iliporudi na mawe ya Mwezi mwaka 1969, Nagy alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliopewa sampuli, akafanya kazi na Harold Urey, mshindi wa Nobel ambaye muda wote wa ugomvi alikuwa anasema tusubiri tuone. Walitafuta kaboni ya uhai kwenye vumbi la Mwezi, na walichokipata kilikuwa kidogo kiasi kwamba kazi kubwa ikawa tena ileile, kutofautisha cha Mwezi na cha kwetu. Akahamia Chuo Kikuu cha Arizona. Mwaka 1975 akatoa kitabu kizima juu ya vimondo vya kaboni, na humo ni mtu mwangalifu zaidi kuliko yule wa 1961. Baadaye akaja hata Afrika kikazi, kwa namna yake: alichunguza Oklo, Gabon, ambako karibu miaka bilioni 2 iliyopita urani ilijiwasha yenyewe ardhini kama kinu cha nyuklia, na yeye na wenzake wakaonyesha mwaka 1991 jinsi mabaki ya viumbe yalivyosaidia kuifunga urani ile isisambae.

Lakini jambo lililomrudisha kwenye ugomvi ni la mwaka 1982, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu kemia yake ni tamu.

Chukua ndala zako. Ya kushoto na ya kulia ni ndala ileile, mpira uleule, lakini huwezi kuvaa ya kulia mguu wa kushoto ukatembea vizuri. Asidi amino, zile molekuli zinazounganishwa kuwa protini, nazo ziko hivyo: ya kushoto na ya kulia. Ukizitengeneza kwenye chupa maabara unapata nusu kwa nusu. Viumbe hai wa dunia hii, kuanzia mkorosho hadi wewe, wanatumia za kushoto karibu tupu. Kwa nini? Ni mojawapo ya maswali magumu kabisa katika chimbuko la uhai. Basi, tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kikubwa cha kaboni kilidondoka Murchison, Australia, na kikakutwa na asidi amino nyingi. Mwaka 1982 Michael Engel na Nagy wakaandika kwamba baadhi ya asidi hizo kwenye Murchison zimeegemea kushoto.

Unaweza kubashiri kilichofuata. Jeffrey Bada na wenzake walijibu mwaka uliofuata: hiyo kushoto ni ya kwetu, ni uchafu wa duniani umeingia. Kwa mtu ambaye jina lake lilishafungamana na chavua, ilikuwa kama kusikia wimbo uleule redioni miaka 20 baadaye. Nagy alifariki mwaka 1995. Mwaka 1997 John Cronin na Sandra Pizzarello wakapima Murchison kwa ujanja mpya: waliacha kabisa asidi amino zinazotumiwa na viumbe, wakapima zile ambazo viumbe wa duniani kwa kawaida hawanazo. Huko uchafu wa mikono au bakteria hauwezi kukudanganya kirahisi. Wakakuta nazo zimeegemea kushoto, kwa asilimia chache. Haina maana kwamba vipimo vyote vya Engel na Nagy vilikuwa sahihi, hapana. Ina maana kwamba safari hii kwenye giza kulikuwa na kitu kweli, na Nagy hakuishi kukiona.

Turudi Ivuna. Wakati haya yote yanaendelea, wataalamu walikuwa wanapanga vimondo katika makundi, na karibu kila kundi la vimondo vya kaboni likapewa herufi ya kimondo kimoja cha mfano. Lile kundi adimu la mapacha wa Jua likaitwa CI. C ni kaboni. I ni Ivuna. Kwa hiyo kila mtu anayeandika neno CI, awe Tokyo au Houston, anaandika jina la kijiji cha Momba, ajue asijue.

Mwaka 2001 timu ya Pascale Ehrenfreund ilipima asidi amino za Orgueil na Ivuna kwa uangalifu ambao mwaka 1961 haukuwezekana. Walikuta chache, za aina rahisi, na zimetoka nje ya dunia kweli. Mmoja wa waandishi alikuwa Bada, yuleyule. Mwingine alikuwa mwanafunzi wake wa uzamivu, Daniel Glavin. Lishike jina hilo.

Tarehe 6 Desemba 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kiliangusha kifurushi kwenye jangwa la Australia kikiwa na gramu 5.4 za asteroidi iitwayo Ryugu. Watu walipoipima wakakuta nini? Kichwa cha makala kuu ya mwaka 2022 kwenye jarida la Science kinasema sampuli hizo zinafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Jina letu kwenye kichwa cha habari. Tofauti ni kwamba Ryugu haikugusa hewa yetu. Na walipolinganisha ndipo ikaonekana wazi zaidi ni kiasi gani vimondo vyetu vya makumbusho vimenyonya maji na kubadilika wakiwa kabatini. Hata mistari myeupe ya chumvi ndani ya Orgueil ilishashukiwa kwamba mingi imejitengeneza hapahapa duniani, kwa unyevu wa hewa tu.

Hata hivyo usishangilie mapema. Mwaka 2024 Matthew Genge na wenzake wa Imperial College London waliripoti kwamba punje moja ya Ryugu waliyopewa ilikuwa na nyuzinyuzi hai juu yake. Walihesabu 11, kisha zikafika 147, kisha zikapungua. Uhai kutoka Ryugu? Bakteria wa duniani. Walipata upenyo mdogo wakati sampuli inaandaliwa, wakajenga. Nagy angeelewa.

Kisha Bennu. NASA walileta gramu 121.6 za asteroidi hiyo Septemba 2023, na Januari 2025 matokeo yakatoka: asidi amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe wanatumia kujenga protini, na herufi zote tano za DNA na RNA. Aliyeongoza makala hiyo ni Glavin, yule mwanafunzi wa jiwe la Ivuna. Na za kushoto na kulia? Karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo swali la ndala, ambalo Engel na Nagy waliliwasha na Cronin na Pizzarello wakalipa nguvu, limerudi mezani likiwa gumu kuliko lilivyokuwa.

Lakini kilichonikamata mimi kwenye Bennu ni makala ya pili ya siku hiyohiyo. Walikuta chumvi. Si mstari wa kabatini, ni chumvi halisi zilizobaki baada ya maji ya chumvi kukauka ndani ya gimba mama la Bennu miaka bilioni 4 na zaidi iliyopita. Mojawapo ni trona. Trona ni magadi, ndugu yangu. Magadi haya ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, haya ya kulainishia maharage. Nilipofika kwenye mstari huo niliweka simu chini. Nikakumbuka wale watu wa Ivuna wanachemsha maji ya chumvi, jiwe linadondoka karibu yao likiwa limetoka mahali ambapo huenda maji ya chumvi yaliwahi kukauka pia.

Mimi sijawahi kushika hata punje ya Ivuna. Naijua kwa picha na majedwali. Vipande vyake viligawanywa. Mwaka 2008 makumbusho ya historia ya viumbe ya London ilipata kimoja kilichokuwa kimetunzwa ndani ya gesi ya nitrojeni ili hewa isikiguse, na ndicho kinachofanyiwa kazi nyingi siku hizi. Sina ugomvi na London kwa kukitunza vizuri. Ninachouliza ni kuhusu jiwe la sita. Litadondoka, hakuna sababu lisidondoke, na linaweza kudondoka kwenye mikorosho ya Nkowe usiku wa leo. Je, kuna atakayejua asilioshe? Maana ndilo kosa la kwanza tunalofanya, kuosha. Usilioshe. Usilishike mkono mtupu, usilitie mfukoni, usilijaribu kwa nyundo. Lifunge kwenye karatasi ya foili safi, liweke pakavu, andika saa na mahali, piga picha lilivyokuwa chini, kisha watafute wataalamu wa jiolojia. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Na kama umejipaka mafuta, muite mtu ambaye hajajipaka.

Wiki iliyopita nilimpigia bibi nikamweleza habari za Bennu. Nikamwambia wazungu wamekwenda kwenye jiwe linaloelea huko juu, mbali kuliko Mwezi, miaka saba kwenda na kurudi, wamekuta magadi. Akanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu," akasema, "sasa magadi yapo, na anayepika je?"

Nikamwambia ndiyo tunamtafuta. Toleo lijalo nitaandika kuhusu Mbozi, maana najua kuna watu wa Songwe wameshakasirika nilivyokipita haraka.